Mwerezi wa Ambokile

Nimenawa mikono kwa sabuni ya mche, nikanawa kwa limau, nikasugua na majivu kama tulivyokuwa tukisugua sufuria, na harufu haijatoka. Harufu ya mwerezi mbichi ni bishi. Inakaa kwenye mikunjo ya vidole, inaingia kwenye ugali, ukijifuta jasho unayo puani. Juzi tumemzika mdogo wangu Ambokile, na wanaokuja kunipa pole wananiona nalia wanadhani ni msiba tu. Ni msiba, sikatai. Lakini nina hasira pia, na hasira yenyewe ni ya zamani, ya tangu nilipokuwa msichana wa kubebeshwa kibuyu cha maji, na wote walionitia hasira hiyo wamekwisha kufa. Sina wa kumgombeza. Basi nitawagombeza hapa.

Ninyi wa rika langu mliokulia Mbeya mtaikumbuka ile mitaa ya Wazungu, kule juu chini ya mlima Loleza, nyumba zenye dohani na bustani zilizofyekwa zikanyooka kama mkeka. Baba yangu alitunza bustani katika nyumba mojawapo. Walimwita boi, na mvi zake zote. Memsabu wake alikuwa na wazimu wa aina yake: alipenda miti midogo. Sisemi miche, nasema miti mizima, yenye gome lililopasuka kama kisigino cha mzee, ila unaiweka juu ya sinia la udongo mezani na ncha yake haifiki begani kwa mtu aliyeketi. Ufundi huo aliupata utotoni, nchi za mbali za mashariki ambako baba yake alifanya biashara. Alifunga matawi kwa waya ili yapinde. Mizizi ikirefuka aliikata. Maji aliyatoa kwa kijiko. Baba alirudi nyumbani akituhadithia huku anatikisa kichwa.

"Anaunyima mti mpaka mti wenyewe unashukuru," alisema.

Sasa mti wa sinia ukiupanda kwa mbegu utangoja mpaka uchoke, na memsabu hakuwa mtu wa kungoja. Getini palikuwa na mwerezi mkubwa, na kazi ya baba ilikuwa kuuibia watoto. Alichagua tawi nene lililopinda vizuri, akabandua gome lake kuzunguka kama pete, akakaza waya kwenye ukingo wa juu wa kile kidonda. Juu yake akaweka majani yale mororo ya kijani yanayoshika mawe ya mtoni, akafunika kwa kipande cha gunia, akafunga kwa katani. Kila asubuhi alilinywesha maji lile furushi. Tawi likikabwa hivyo linakata tamaa na mama yake, linaota mizizi yake lenyewe humo ndani ya gunia, hewani. Ndipo baba alipochukua msumeno akalikata, akalitia kwenye sinia. Memsabu akawaambia wageni kwamba ule mti una umri mkubwa kuliko wao.

Mama alipokuwa na mimba ya Ambokile, baba alifunga tawi moja la namna hiyo. Ambokile alipozaliwa, tawi lilikuwa limeshaingia siniani. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Mtoto alitembea, akasema mapema, tena alisema maneno ya watu wazima mpaka majirani wakaja kumsikiliza. Ila hakukua. Kichwa kilikuwa cha rika lake, kiwiliwili hivyo hivyo, lakini mikono na miguu ilibaki mifupi, minene, na watoto wa nyumba za jirani waliozaliwa nyuma yake walimpita mmoja mmoja. Nilimbeba mgongoni siku ambazo wenzake walikuwa wanachunga ndama. Njiani walituimbia "mbilikimo, mbilikimo", nami niliwatupia mawe, na wengine niliwapata.

Kisha akaja bibi, mama yake baba, kutoka Rungwe. Alikuja na mwavuli, kitabu cha nyimbo za kanisani, na mdomo wake. Bibi yangu alikuwa mkristo kweli, asiyekosa Jumapili, lakini alikuwa na yale mengine aliyoyahifadhi chini ya ukristo wake kama mtu anavyovaa shumizi chini ya gauni. Alimsimamisha Ambokile mbele yake, akamgeuza, akamvuta mikono. Halafu akamtazama baba.

"Mkeo alipokuwa mzito," alisema, "wewe ulifunga nini?"

"Sijafunga kitu, mama."

"Fikiri. Mwanamume mwenye mke mzito hafungi fundo akaliacha. Hukufundishwa?"

Baba, maskini, hakujua kusema uongo mbele ya mama yake. "Nilifunga mti," alisema. "Ni kazi. Nilifunga tawi la mwerezi wa memsabu."

"Na hilo tawi liko wapi?"

"Liko siniani."

"Limekua?"

Mama yangu aliyekuwa anachambua mboga alisimama na ungo wake akaingia ndani. Bibi akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyemwona mwizi.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kukawa na neno moja tu: mti ufunguliwe. Mkono uliofunga ndio ufungue, na mti utoke kwenye sinia uwekwe ardhini, ukue, na mtoto akue. Mimi niliamini kuliko wote. Nilikuwa nimeshaiona miti ile, na kwa akili yangu ya kitoto ilikuwa wazi: urefu wa Ambokile upo, haujapotea, umefungiwa mahali. Kazi ilikuwa kwenda kuuchukua.

Mti wenyewe memsabu asingeutoa hata kwa ng'ombe. Lakini ulikuwa umerefuka kidogo juu, ukamharibia umbo, naye alitaka ile ncha, kichwa cha mti, ikatwe. Baba akapata wazo. Alimwomba asikitupe kile kichwa, amwachie yeye akifunge kama yale matawi ya getini, kiote mizizi, kisha amgawie. Bibi alipoulizwa alikubali. Alisema kichwa kinatosha, kwa sababu kichwa ndicho kinachokwenda juu.

Baba alinichukua siku ya kuomba, na Ambokile mgongoni kwangu. Memsabu alitoka barazani na kikombe cha chai.

"Kwa nini wewe nataka mti?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa hicho cha jikoni, cha kuamuru.

"Ni kwa ajili ya mtoto, memsabu."

"Toto gani?"

Nikageuka nimwonyeshe. Aliweka kikombe chini. Alimteremsha mwenyewe mgongoni kwangu, akamsimamisha juu ya meza ndefu, katikati ya vile visinia vyake, akarudi nyuma hatua kadhaa akainamisha kichwa kama baba alivyokuwa anafanya kabla ya kukata tawi. Kisha akacheka, cheko la furaha kabisa, na mimi mjinga nikacheka naye.

"Iko mzuri sana," alisema. "Iko mzuri kama mti yangu. Sasa sikia. Mti nitakupa. Lakini toto kaa hapa na mimi, mpaka mti iko tayari."

Mama aliposikia alikataa. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti mbele ya bibi. "Mnamweka mwanangu rehani kwa kijiti?"

"Nyamaza, mkamwana," bibi alisema, wala hakuinua macho. "Tumbo lako limeshasema yake. Waache wengine warekebishe."

Basi Ambokile akapelekwa. Mvua zilipoanza baba alibandua gome la ule mti mdogo chini ya kichwa, akakaza waya, akafunga furushi. Nilikuwepo. Kisu kilipozunguka nilimkamata Ambokile nikamfunua shati nimwangalie kiunoni, maana nilidhani kidonda kitatokea na kwake. Hakukuwa na kitu. Alinisukuma, akaniambia nina mikono baridi. Memsabu alikuwa amemshonea kanzu fupi nyeupe na mkanda mwekundu, na kofia nyekundu yenye shada, naye Ambokile alikuwa ananuka sabuni ya maua.

Kila Jumamosi nilipanda na baba kwenda kumwona. Kwanza nilikwenda kwenye furushi. Nililibonyeza kwa kidole: lilikuwa na unyevu, na kwenye jua lilikuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa. Lilikuwa linavimba, au niliona linavimba. Nilijua urefu wa mdogo wangu unajikusanya mle ndani, na niliogopa kulibonyeza sana usije ukamwagika.

Kisha nilikwenda kumtazama Ambokile, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kutendewa ubaya akafurahi. Jumamosi moja walikuja wageni kutoka Iringa, wamekuja na vumbi lote la Chimala kwenye nguo zao, wakaogeshwa, wakapewa viti bustanini. Memsabu akamleta Ambokile na kile kikofia. Akamweka kando ya mti mmoja wa siniani, akainama, akaonyesha kwa fimbo: huyu, na huyu. Wakapiga makofi. Bwana mmoja akachukua biskuti akaiweka ukingoni mwa baraza, juu, akamwambia achukue. Ambokile akaruka. Hakuifikia. Akaruka tena. Bwana akaisogeza nje kidogo ionekane vizuri zaidi. Mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kucheka, na Ambokile alipowaona wanacheka akaruka na kuanguka makusudi, akainuka akapiga saluti. Alikuwa anawapa walichokitaka, na alikuwa hodari. Baba alikuwa pale pale, anamwagilia maji maua ambayo mvua ilikuwa imeyanywesha asubuhi.

Nilimuuliza baba njiani kwa nini hakumpa ile biskuti. Alinizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwake.

Rehani iliisha kwa jino. Ambokile alifika umri wa kung'oka meno, yakamng'oka mawili ya mbele kwa pamoja, na uso wake ukawa wa mtoto wa kawaida mwenye pengo, anayetoa mate akisema. Memsabu hakupenda. Alimtazama siku chache kama anavyotazama mti wenye wadudu, kisha akamwambia baba, "Sasa iko mbaya. Peleka nyumbani." Kanzu alimvua, mkanda akauchukua, kofia akaichukua. Alimtoa na shati alilokuja nalo. Ila ahadi yake aliitimiza, sitaki kumsingizia. Mizizi ilikuwa imeshatokeza kwenye gunia, myeupe kama tambi. Baba akakata.

Ambokile alilia njia nzima. Alikuwa anamlilia memsabu. Alinipiga mgongoni kwa ngumi, anadai arudishwe akapige saluti, na mama alipompokea mlangoni alimkataa, akageuza uso. Niliona mama alivyokufa kidogo pale mlangoni. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kuupanda ule mti ilikuwa kama ubatizo. Bibi alisimama na mwavuli. Baba aliufungua mti mbele yake waya baada ya waya, zile waya za memsabu za kupindisha, na kila moja aliitupa kwenye kikapu.

"Zote?" bibi aliuliza.

"Zote, mama."

"Na hapo chini, kwenye hilo donge?"

"Hapo ni mizizi tu. Nikiifumua itakatika."

Bibi akaafiki kwa kichwa. Donge likaingia shimoni kama lilivyo, udongo ukarudishwa, Ambokile akaambiwa akanyagie kwa miguu yake. Kesho yake asubuhi niliamka kabla ya wote nikamfunua shuka nimtazame miguu. Nilifanya hivyo asubuhi nyingi sana. Niliweka kiganja changu kati ya nyayo zake na mwisho wa mkeka, na mara nyingine niliona kabisa, naapa niliona, kwamba nafasi imepungua.

Mti ulikua. Ehee, ulikua! Kama uliokuwa umenyimwa na sasa unakula kwa kisasi. Bibi alihamia kwetu ili aone mwenyewe. Jumapili wakitoka kanisani alimwita Ambokile, akamsimamisha kwenye shina, mgongo umenyooka, akaweka kiganja juu ya utosi wake. Mwanzoni mti ulikuwa unamfika kifuani. Ukamfika kidevuni. Nakumbuka siku waliyokuwa sawa: bibi alitabasamu, akampa ndizi mbivu, akamwambia sasa nenda nao. Hakwenda nao. Mvua zilizofuata ulimpita, na bibi akaendelea kumpima vilevile, kila Jumapili, watu wa mtaa wakisimama njiani kutazama.

"Hata kijiti kimekushinda," alimwambia siku moja. Alimwambia hivyo mtoto. Kisha akamgeukia mama: "Umetuzalia kisiki."

Mama aliweka chini beseni. Akaingia ndani, akatoka na panga, akaenda moja kwa moja kwenye mti bila kumtazama mtu. Alikuwa ameinua mkono. Ambokile akapita chini yake, mbio, akaukumbatia ule mti kwa mikono yake mifupi, shavu kwenye gome.

"Usiukate, mama! Bado nakua! Mama, mimi bado nakua!"

Panga lilibaki juu muda mrefu. Mama akalishusha, akakaa chini palepale kwenye matope na nguo yake ya kanisani. Bibi akasema jamani chai inapoa.

Nimewaeleza haya ili mjue mwerezi ule ulikuwa nini uani kwetu. Bibi alikufa, baba akafuata, mama naye. Memsabu alirudi kwao kabla ya uhuru, na vile vimiti sijui nani alivirithi. Ambokile akawa fundi saa pale Uyole, fundi hasa, mwenye kiti kirefu alichojitengenezea na mdomo mkali kuliko wa bibi. Hakuoa. Mwanamke mmoja alimtaka, ndugu zake wakamcheka mpaka akaacha. Alibaki kwenye nyumba ya baba, na kila asubuhi akienda kazini alisimama chini ya mti uliokuwa umezidi paa la kanisa kwa urefu, akavua kofia.

"Shikamoo, kaka," aliuambia.

Watu walicheka, naye alitaka wacheke, kama siku za biskuti. Mimi sikucheka hata mara moja. Alipoanza kuugua aliniita akaniambia: "Dada Tusekile, nikifa huyu kaka akatwe. Mbao zangu zitoke kwake. Tumemaliza naye."

Juzi alfajiri watoto wa ndugu zetu wakaleta msumeno wa mashine. Nilikaa kwenye kigoda nikaangalia. Harufu ilijaa uani mpaka wapishi wa msibani wakatoka kuuliza. Msumeno ulikuwa umefika katikati ya shina, chini kabisa karibu na ardhi, ulipopiga kelele mbaya, ukaruka, mnyororo ukakatika. Kijana aliyeushika akatukana, kisha akaniomba radhi.

"Kuna chuma humu, bibi," alisema. "Nani alipiga msumari kwenye mti huu?"

Wakamalizia kwa mashoka. Shina lilipoanguka niliinuka nikaenda kutazama. Pale katikati ya moyo mwekundu wa mti palikuwa na pete ndogo ya waya, nyembamba, yenye kutu, imezunguka kitu cha unene wa kidole. Mti ulikuwa umeimeza na kukua juu yake. Nilitambua. Ile ya ndani ya donge, aliyoikaza baba kwenye kidonda, chini ya kichwa cha mti. Ile ambayo baba alimwambia mama yake ni mizizi tu.

Mimi ni mwanamke niliyesoma. Nimefundisha watoto darasani mpaka nikastaafu, nimeimba kwaya, najua kabisa ugonjwa wa mdogo wangu una jina hospitalini na hauna habari na waya. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama pale. Na bado nilichokisema, kwa sauti, mbele ya vijana, ni hiki: "Baba, hukuufungua."

Fundi seremala alichonga jeneza kwa mbao za tawi moja tu. Gogo lote lililobaki bado liko uani, na wale vijana wameshaanza kubishana ni la nani.

Walipoleta jeneza ndani niliwatoa wote, nikasema nataka kuagana na mdogo wangu. Nilikuwa na koleo ndogo ya fundi saa, ya kwake mwenyewe, nimeichukua mezani pake. Nikaitoa ile pete kwenye pindo la kitenge, nilipoifungia baada ya vijana kuichomoa kwa shoka. Nikaikata. Ilikatika kwa mlio mdogo, kama ukucha.

Kisha nikamfunua shuka, nikamtazama miguu.